Torque ya Ami

Kwenye ile klipu ya kwanza baba yangu ameinua mkono. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Si maneno yaliyoandikwa chini, si moshi, si vicheko vya watu. Ni mkono. Amefungua kioo cha pikapu, ametoa mkono nje, anamsalimia mtoto wa ndugu yake aliyesimama pembeni yetu kwenye taa za Springfield. Taa inageuka kijani. Gari la binamu yangu linaruka. Klipu inaendelea kumwonyesha baba kwa nyuma, anazidi kuwa mdogo, mkono bado uko juu, anatabasamu, hajajua bado kwamba anachekwa.

Chini yake binamu, ambaye baba yangu ni ami yake, ndugu wa baba yake, aliandika: "Torque ya Ami."

Akaituma kwenye grupu letu, lile la watu wote wa pwani walioko huku, wa Virginia na wa Maryland na wa D.C. yenyewe. Kwa kawaida ni grupu la matangazo ya hitma na nani ameleta ukwaju kutoka nyumbani. Kabla sisi hatujafika tulikokuwa tunakwenda, watu walikuwa wameshaiona.

Mimi sipendi kueleza mambo tangu mwanzo, nataka kwenda moja kwa moja pale kwenye kisasi. Lakini bila mwanzo kisasi hakina ladha, kwa hivyo acha nieleze haraka.

Baba alikuwa dereva wa trela. Ujana wake wote aliumaliza akivuta makontena kutoka bandari ya Mombasa mpaka mpaka wa Uganda. Hapa Amerika anaendesha folklifti kwenye ghala, na wikendi anawahamishia watu vyombo kwa pikapu yake ya dizeli. Ni nyeupe, kubwa, ina kutu milangoni, na haijawahi kumlaza njiani. Kila Ijumaa baada ya sala, wanaume wa kwetu hubaki kwenye uwanja wa kuegesha magari wa msikiti, wakafungua viti vya kukunja, barza ikaanza. Kahawa ilikuwa inakuja na baba. Kahawa chungu yenye tangawizi, ndani ya dele la shaba alilotoka nalo Mombasa, amelizungushia taulo lisipoe, na vikombe vidogo kila kimoja ndani ya soksi yake. Bila lile dele watu husalimiana tu wakaenda zao.

Mimi nilikuwa namngoja ndani ya pikapu, kioo nimekishusha. Nasikia kila kitu.

Ijumaa hiyo binamu alikuwa amekuja na gari lake jipya. Anakaa Herndon, anafanya kazi ya kompyuta huko karibu na uwanja wa ndege, ana miaka sita zaidi yangu na kila mkutano lazima auanzishe yeye. Gari lenyewe ni la buluu, fupi, liko chini kabisa, ukiingia ni kama unajilaza.

"Mia nne na ushei, Ami," akasema. "Farasi mia nne ndani ya boneti moja!"

Baba akamimina kahawa. "Na wanaamka saa ngapi hao farasi?"

Watu wakacheka.

"Wanaamka vipi?"

"Nilikusikia ulivyoingia hapa. Gari mpaka ilie kama mbuzi ndipo iende. Huku chini haina kitu. Mvuto haina."

"Mvuto ndio nini?"

"Torque, bwana we," akadakia mzee mmoja wa Unguja, ambaye kila kitu lazima akitie chumvi. "Ile inayokugandisha mgongo kwenye kiti. Hata mimi naijua, na sina leseni."

"Torque ni ya matrekta!" binamu akasema. "Ami, hapa si Mazeras. Hapa hakuna kupanda mlima na kontena mgongoni. Kwenye mbio anayeshinda ni mwenye horsepower. Uliza kijana yeyote."

"Kwenye taa," baba akasema, "anayeshinda ni anayeondoka. Ukishaondoka, huyo mwengine atakuja na hadithi."

"Hata na hiyo pikapu?"

"Hata na hiyo pikapu. Ukiniudhi."

Wakapiga makofi, mzee wa Unguja akapiga na mguu chini. Binamu alicheka pia. Lakini mimi nilikuwa namtazama, na nikaona amekiweka kikombe chini na kahawa bado imo nusu. Kikombe cha baba hakiachwi nusu. Nilijua kuna jambo.

Siku ya pili yake kulikuwa na harusi Springfield na biriani alipika mama. Mama ndiye anayepikia watu wetu huku, anapika kwa masufuria ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kukaa ndani. Wali tuliufunga kwa kamba nyuma ya pikapu. Mchuzi haukubali kukaa nyuma, kwa hivyo sufuria lake lilikuwa ndani, sakafuni, na mimi nimelibana kwa magoti yote mawili tangu Hyattsville. Baba aliendesha kama amebeba mtoto aliyelala. Kila akigusa breki alikuwa anauliza, "Vipi huko?" na mimi namjibu, "Umefika kwenye mfuniko, baba, haujatoka." Mama mbele ameshika kitenge mkononi, tayari kwa lolote.

Tukasimama kwenye taa. Binamu akaja akasimama pembeni, na rafiki yake amekaa naye, simu mkononi.

"Salaam aleikum, Ami! Twende?"

"Waaleikum salaam, baba! Twende, tangulia, sisi tuko nyuma yako!"

Alidhani anaitwa harusini. Akainua mkono. Yaliyobaki nimeshayasema.

Na kuna jambo moja ambalo klipu ile haina. Taa iliyofuata tulimkuta. Wallahi tulimkuta amesimama kwenye nyekundu, gari la buluu linanguruma mahali pamoja, na sisi tukaja polepole na biriani letu tukasimama nyuma yake. Hilo alilikata. Masufuria hayaonekani. Magoti yangu hayaonekani. Kinachoonekana ni mzee na mkono wake.

Ukumbini watu walikula biriani lile. Niliwaona. Mkono mmoja uko kwenye sinia, mkono wa pili umeshika simu, mafuta ya mama yangu yanawang'aa midomoni, na wanacheka. Mtu mmoja alimwita baba kutoka meza ya mbali, "Ami! Bado hujafika?" na meza nzima ikaangua kicheko. Baba alicheka nao kwa sababu hakuwa anajua ni nini. Ni mimi niliyemwonyesha, kwa sababu sikuweza kumwona akichekea kitu asichokijua. Alitazama mara moja, akanirudishia simu, akajipangusa mikono.

Alimwendea binamu mwenyewe, kwa adabu, karibu na mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba bakuli.

"Mwanangu, hebu itoe ile. Walioona wameona, yatosha."

"Ah, Ami," binamu akasema, akamgusa bega. "Ni mzaha tu."

"Haya," baba akasema.

Ijumaa iliyofuata hakubeba dele. Alisali safu ya nyuma na akaja moja kwa moja kwenye pikapu, watu hawajamaliza hata kuvaa viatu. Ijumaa ya baada ya hapo akachukua zamu ya mchana ghalani, akasema wanamhitaji. Mama akalisugua dele kwa ndimu na jivu, akalipandisha juu ya friji, likakaa. Baba akatoka kwenye grupu. Hasikii tena gari likipita nje akasema hiyo plagi moja imekufa. Zamani alikuwa hawezi kunyamaza. Siku moja akasema anafikiria kuiuza pikapu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi.

Mimi nilikuwa ninaamka kama mtu aliyelala na msumari mdomoni. Nilitaka dele lishuke. Na nilitaka binamu yangu alambe kile alichomlambisha baba, tena kwa kijiko kile kile.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na wagonjwa hapa Hyattsville, kuwalisha, kuwaogesha, kuwageuza. Mwenzangu wa zamu ni msichana wa Nakuru, Mkristo, ana mabega na mdomo. Nilipomwonyesha klipu hakucheka.

"Buda yako alichekwa hivi na wewe umenyamaza tu?"

"Sijanyamaza. Nafikiria."

"Fikiria mbio basi. Huyo boy anajiskia sana. Lazima ashushwe."

Wakati huo tulikuwa tunamtoa bibi mmoja mzito kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Kazi ile, nguvu yote iko mwanzoni. Unapinda magoti, unamkumbatia, unahesabu, na ule mvuto wa kwanza ndio kila kitu. Akishasimama ni mwepesi, hata mtoto anaweza kumsukuma koridoni. Nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne, nikapata alama ya kuonewa huruma, lakini siku ile ndiyo iliniingia. Torque ni ile ya kumwinua bibi. Horsepower ni mvuto ule ule ukizidisha na kasi ya injini kuzunguka, ni ile ya kwenda naye koridoni mbio mpaka mwisho bila kuishiwa. Dizeli ya baba ina mvuto chini kabisa, injini hata haijapandisha sauti. Gari la binamu farasi wake wako juu, mpaka uifinye ipige kelele.

Kwa hivyo baba alikuwa na haki, na binamu naye alikuwa na haki, kila mtu na mahali pake. Hilo liliniudhi sana. Sikutaka binamu awe na haki mahali popote.

Jioni nikaiangalia klipu tena, labda mara ya mia. Fupi. Inaishia kabla ya taa ya pili. Na hapo nikacheka peke yangu mpaka mama akauliza kuna nini. Binamu mwenyewe alikuwa ameshanifundisha urefu wa kitu kinachotosha kumuua mtu kwa aibu. Siihitaji barabara nzima. Nahitaji sekunde chache za mwanzo, na sekunde za mwanzo ni za torque.

Sikutaka kufanya barabarani. Kwenye ghorofa yetu kazini kuna kijana wa rika langu aliyekuwa anakimbiza magari kwenye barabara za watu, na mimi ndiye ninayemlisha uji. Lakini huku Maryland kuna uwanja wa mbio, njia moja imenyooka, mchana kweupe, kuna ukaguzi na helmeti na mlingoti wa taa, yeyote mwenye gari anaingia. Nikaandika kwenye grupu, watu wote wakiona:

"Kaka, torque ya Ami bado ipo. Jumapili mchana njoo uwanjani. Ama gari lako hushindana na waliobeba biriani peke yao?"

Grupu likalipuka. Wanawake ndio walioanza, sauti za vigelegele moja baada ya nyingine. Mzee wa Unguja akatuma sauti ya kikohozi tu, kikohozi kirefu.

Binamu akajibu: "Dada, wataka kuaibisha ukoo mzima?"

"Njoo."

"Nitakuja. Usilie."

Jumapili nikamwambia baba naazima pikapu. Hakuniuliza. Alinipa funguo huku anatazama dirishani. Nikachukua na sufuria la mama, lile kubwa la mchuzi, nikalifunga nyuma kwa kamba zile zile. Nilitaka lionekane. Lakini mkaguzi wa uwanjani, Mmarekani mwenye ndevu mpaka kifuani, akalizunguka mara mbili.

"Hiki ni nini?"

"Sufuria."

"La nini?"

"Biriani."

"Haliwezi kuwa kwenye gari. Litoe."

Nikalitoa. Mwenzangu wa Nakuru akalichukua akaliweka kwenye nyasi, kando ya uzio, karibu na mstari wa kuanzia, jua likawa linapiga pale. Akasimama nyuma yake na simu.

Binamu akafika na miwani ya jua. Hakumleta mtu. Alitazama pikapu, akatazama kutu, akatabasamu kwa upande mmoja. Halafu akamwendea mwenzangu, na hapa ndipo alipojichimbia mwenyewe.

"Sista, nipigie vidio poa. Nitaiweka grupuni mwenyewe."

"Usijali, bro," akamjibu. "Nitashika hadi meno yako."

Tukapanga mstari. Yeye kushoto, mimi kulia. Nikavuta gia ya magurudumu manne, vile baba hufanya akitoka kwenye kilima chenye theluji na kabati la mtu mgongoni. Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia nikaanza kukanyaga mafuta polepole. Pikapu ikatetemeka. Nikasikia tabo, ile inayoipulizia injini hewa, inaanza kupiga mluzi mwembamba. Mbona hawawashi, nikasema. Washeni! Pembeni yangu gari la buluu lilikuwa linapandisha na kushusha, linapandisha na kushusha, mbuzi wa baba huyo.

Taa ya manjano. Manjano. Manjano. Nikaachia breki.

Sijawahi kusukumwa na kitu namna ile. Pua ya pikapu iliinuka mpaka nikaona mbingu, mgongo ukaingia kitini, na nikasikia upande wangu mlio mmoja tu mzito, hauna haraka, unakwenda. Kushoto nikasikia tairi zinalia. Zilikuwa zinazunguka pale pale, moshi mweupe unapanda, gari limekanyagwa lote na haliendi popote, kama limefungwa kamba kwenye nguzo. Nikatazama kioo cha pembeni. Nikamwona. Alikuwa nyuma yangu, mdogo, anazidi kuwa mdogo.

"Huyo, baba!" nikapiga kelele ndani ya helmeti. "Huyo hapo!"

Halafu farasi wake wakaamka. Nilisikia ule mlio umeacha kulia na umeanza kukata. Dizeli yangu ilikuwa imeshapandisha gia, imetoa ilichonacho, haina zaidi. Kulikuwa na bango la manjano pembeni ya njia, kabla ya nusu. Hapo ndipo aliponipita. Alinipita kama mimi nimesimama kununua kitu. Alipomaliza mstari mimi nilikuwa bado naenda, naenda, nikafika ameshapunguza na anageuka.

Alinisubiri kwenye njia ya kurudi, ametoka garini, amevua helmeti.

"Umeona? Torque imeishia wapi?"

"Nimeona, kaka. Hongera."

"Sasa nenda umwambie Ami. Taratibu, asipate presha." Akanipungia karatasi waliyompa yenye muda wake. "Na ile vidio nataka leo."

"Utaiona leo."

Tukakaa ndani ya pikapu, mimi na mwenzangu, vichwa vimegusana juu ya simu. Alishika vizuri, Mungu ampe maisha. Mbele kabisa, chini, sufuria la mama linang'aa. Nyuma yake pikapu inaruka kama imeumwa na kitu. Na nyuma ya pikapu, ndani ya wingu la moshi, gari la buluu limebaki. Pikapu ikavuka ukingo wa picha, na gari la buluu bado limo kwenye moshi wake. Kisha mwenzangu akageuza simu kufuata, na huko mbele yanaonekana yale mengine.

"Kata hapo," akasema. "Hapo hapo kwa moshi."

Kidole changu kikasimama. "Ni uongo?"

"Kuna kitu hapo hakikufanyika?"

"Hapana. Chote kimefanyika."

"Basi kata, tuende, mimi nina njaa."

Nikakata. Chini nikaandika maneno yale yale, herufi zile zile: "Torque ya Ami." Nikatuma kabla sijawasha gari.

Tulipofika Hyattsville simu ilikuwa imepata moto. Mzee wa Unguja ndiye aliyepeleka sauti ya kwanza: "Kijana! Hao farasi mia nne umewafunga wapi? Wamekwenda kula majani?" Mama mmoja wa Springfield, mwenye harusi yenyewe, akauliza kama lile si sufuria lililompikia biriani. Wengine wakachukua picha ya moshi wakaandika juu yake "jiko la mkaa". Binamu akaandika IMEKATWA kwa herufi kubwa. Akaandika WEKA YOTE. Akaandika ana karatasi. Kila alipoandika watu walimjibu kwa kumrudishia klipu. Mimi sikujibu neno.

Mama alimwonyesha baba mezani, wakati wa chai ya jioni. Baba akaishika simu kwa mbali, kisha akasema iongezwe sauti. Akairudia, lakini mara ya pili hakutazama, alifumba macho akasikiliza.

"Sufuria la mamako hilo."

"Ndiyo, baba."

"Ulitia magurudumu manne."

"Ndiyo."

"Ukaishika kwa breki kwanza."

"Kama unavyofanya wewe."

Akakoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa.

"Alikupita wapi?"

"Kwani alipitwa?" mama akasema. "Si umeona mwenyewe, mwanamume?"

Baba alikuwa ananitazama mimi. Mtu huyu humwambii uongo kuhusu injini, nilijua tangu mdogo. "Kwenye bango la manjano," nikasema. "Kabla ya nusu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ningesema hapo."

Alikunywa chai yake yote, akainuka, na alipofika mlangoni akasema kama anakumbuka kitu kidogo, "Ijumaa sina zamu."

Mama hakungoja Ijumaa. Alivuta kiti, akapanda, akalishusha dele.

Ijumaa nilikuwa mahali pangu, ndani ya pikapu, kioo nimekishusha mpaka chini. Baba alipotokea na taulo na soksi zake watu walisimama. Watu wazima walisimama! "Ami! Karibu, Ami! Mpisheni, mpeni kiti chenye mgongo!" Mzee wa Unguja akavipokea vikombe akavivua soksi kimoja kimoja kama anavua watoto. Hawa ndio waliokula biriani letu wakicheka. Sikuwasamehe, niliwaangalia tu.

Binamu akaja na karatasi mkononi.

"Hii hapa, ya uwanja wenyewe. Nimeshinda mimi. Someni!"

"Miwani nimeiacha nyumbani," mzee wa Unguja akasema. "Lakini ule moshi niliuona bila miwani."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Binamu hakuondoka. Alimgeukia baba, na sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya mtoto.

"Ami, wewe wajua magari. Hutasema uongo wewe. Waambie. Torque ama horsepower?"

Mimi nikashika kitasa cha mlango, kwa sababu ni kweli, baba hawezi kusema uongo. Nikaona kila kitu kinarudi, dele juu ya friji, pikapu inauzwa.

Baba alimimina kikombe mpaka ukingoni.

"Inategemea mtu ataka kuangalia mpaka wapi," akasema. "Ukiangalia mpaka mwisho, horsepower. Huyu mtoto yuko sawa, alishinda." Binamu akafungua mdomo kushukuru. "Lakini ukiangalia mpaka pale ulipoishia wewe Springfield," baba akaendelea, "basi ni torque."

Hakuna aliyecheka mara moja. Nadhani kila mmoja alikuwa anajikumbuka na sinia lake. Kisha mzee wa Unguja akaguna, na mguno ule ukazunguka viti vyote. Baba akampa binamu kikombe.

"Kunywa. Na umalize."

Akanywa mpaka machicha.

Halafu akanijia mimi. Akaweka mikono miwili juu ya mlango wa pikapu, pale kwenye kutu.

"Dada. Iweke yote. Nakuomba. Hata kazini kwangu wameiona, kuna jamaa wa Mombasa pale, kila nikipita anapiga mluzi wa tairi."

Nilikuwa nimelisubiri neno hili siku nyingi, nimelilaza kifuani, nimelilisha. Nilimgusa bega.

"Ah, kaka," nikasema. "Ni mzaha tu."

Vidio nzima ninayo. Iko kwenye simu hii ninayoandikia. Sijaifuta na siitumi.

Barza ilipovunjika baba aliniambia nisogee, ataendesha mwenyewe. Njia ya kutokea inapita mbele ya gari la buluu, na binamu alikuwa amesimama hapo, funguo mkononi, anangoja tupite. Baba akashusha kioo. Akatoa mkono nje, akauinua, akatabasamu vile vile, na akaipeleka pikapu polepole sana, kama magotini kwangu kuna mchuzi. Mkono ulikaa juu mpaka tulipofika barabarani.